Somo Nililokuondolea

Rehema wangu,

Sanduku lako liko mlangoni na umeshalala, au unajifanya umelala ili nisije kukuuliza tena kama umeweka sweta. Sitakuuliza. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya kutotembea na simu mkononi nimeyasema tangu Jumapili, mpaka Hamisi kaka yako akaanza kuyasema pamoja nami kwa kuigiza sauti yangu. Haya ninayoandika ni mengine. Mezani siyawezi, kwa sababu mezani wewe hunishinda kwa wepesi wa maneno. Kwenye karatasi angalau nitamaliza sentensi.

Leo tulipokuwa tukila ulitueleza habari ya shule unayokwenda kufundisha huko Magwagwa, kwa bibi yako. Ulisema mwalimu mkuu alikupigia simu kukukaribisha, na kwamba wiki ya pili ya muhula kutakuwa na mkutano wa wazazi na walimu. Wanataka kuamua kama Ekegusii kiwe somo la lazima kwa kila mtoto wa madarasa ya chini, hata watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha chai na wa wafanyabiashara waliotoka mbali, ambao nyumbani husema Kiswahili au Dholuo au Kikuyu. Alitaka maoni yako kwa kuwa wewe ni mwalimu wa lugha na umekulia mjini. Ukacheka, ukasema, "Nimemwambia mimi ni mtoto wa yule mama aliyeliangusha hilo somo hapa Kisii. Nitawapinga vile vile."

Hamisi akakuuliza, "Kwanza tuambie wewe na bibi mtaongea nini. Utamtumia emoji?"

"Bibi hata WhatsApp hana."

"Basi utamchorea ukutani."

Mlicheka wote wawili. Mimi sikucheka, nanyi mkadhani nimechoka.

Ule ushindi wangu umeusikia tangu utotoni. Marehemu baba yako alipenda kuwasimulia wageni, nami sikuwahi kumkatiza. Umeusikia kama kisa cha mama jasiri na shule kaidi, na sasa unaubeba kwenda nao nyumbani kwa bibi yako, ambako utaishi nyumba moja na mtu ambaye hamjawahi kusemezana zaidi ya salamu. Kabla hujautumia mbele ya wazazi wa watu, nataka ujue ulitengenezwa na nini.

Nilizaliwa ng'ambo ya Nyansiongo, katika kijiji cha maduka machache kati ya mashamba ya chai, upande wa pili wa mpaka wa wilaya. Babu yangu, Mwislamu wa Tabora, alifika huko zamani akiwa mpishi wa mzungu mwenye shamba. Akaoa, akafungua duka, akazikwa huko. Sisi tulisema Kiswahili nyumbani kwa sababu hatukuwa na kingine. Majirani walikuwa na lugha yao, wenye mashamba walikuwa na yao, nasi tulikuwa na hiki cha katikati ambacho kila mtu alikitumia kununulia chumvi kisha akakiacha pale pale kaunta.

Nilipokuwa na umri kama wako sasa, vurugu za kikabila zikaja. Tulidhani hazituhusu. Kisha duka la baba likachomwa. Kijana mmoja tuliyemjua, aliyekuwa akinunua sukari kwetu, alisimama barabarani akatuambia, "Rudini kwenu." Baba akamwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Kwetu ni wapi?" Yule kijana akatazama pembeni. Nadhani alikuwa hajalifikiria.

Tulishukia Kisii mjini kwa sababu dereva wa lori alikuwa anaishia hapo. Tukapata chumba karibu na msikiti, baba akaanza upya na marobota mawili ya vitambaa. Watu wa hapa walitupokea vizuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Jirani wa kwanza alituletea ndizi za kupika kabla hajajua majina yetu. Lakini mtu aliyefukuzwa mara moja hukaa na sikio lake mlangoni. Watu wakisema asichokielewa, yeye husikia maneno yale yale ya barabarani. Shamba sikuwa nalo, kijiji sikuwa nacho. Nilikuwa na Kiswahili, nikakishikilia.

Ekegusii nilijifunza kile cha kuuzia. Siku za soko nilikwenda Marani na vitambaa vyangu, na mpaka leo naweza kukutajia rangi, urefu, bei na "hakichuji" bila kukosea. Akina mama wa Marani walinicheka kidogo, wakanunua. Huko ndiko nilikokutana na baba yako, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Alisilimu tukaoana, na nyumba yetu ikasema Kiswahili. Hakuna aliyelipitisha jambo hilo. Ilikuwa njia rahisi, na baba yako alikuwa mtu wa njia rahisi, Mungu amrehemu.

Ulikuwa ndiyo kwanza umeingia darasa la kwanza shule yenu ilipotangaza kwamba kila mtoto wa madarasa ya chini atasoma Ekegusii, somo moja kila siku. Darasani mwenu mlikuwa na Wakisii, Wajaluo, Wasomali, watoto wetu wa msikitini, na binti wa mhandisi Mmeru. Nilisoma lile tangazo nimesimama dukani, mteja ananingoja. Niliona ni yule kijana amenifuata hadi mjini, safari hii amevaa tai.

Nikakusanya wazazi. Ajabu ni kwamba walionifuata kwa bidii zaidi hawakuwa wageni wenzangu. Walikuwa Wakisii wenyewe: wakili, mhadhiri, daktari wa meno, watu waliotaka wakati ule utumike kwa Kiingereza. "Ekegusii watakipata nyumbani," daktari wa meno alisema. Nilikuwa nimewahi kuingia nyumbani kwake. Watoto wake walimjibu kwa Kiingereza hata alipowagombeza.

Siku ya mkutano nilivaa buibui langu jipya. Nikasimama nikasema si haki kumlazimisha mtoto lugha isiyo ya kwao. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, ndizi zetu umekula miaka mingapi?"

"Nimezinunua, baba," nikamjibu. "Na wewe ndiye uliyenipandishia bei."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika kiti cha mbele yake. Baada ya hapo mkutano ulikuwa wangu, nami nilijua.

Kisha akasimama mama mmoja aliyefanya kazi benki, ambaye mtoto wake alikaa dawati moja nawe. Hakuwa na hasira. "Mama Hamisi," akasema, "mimi nauliza tu. Hawa watoto wakienda kwa nyanya zao, wataongea nini?"

Na mimi, kwa kuwa kile kicheko kilikuwa bado kimo ukumbini na nilikitaka tena, nikasema, "Hao nyanya nao waje shule."

Walicheka tena. Yule mama hakucheka. Aliketi, akaupanga mkoba wake vizuri magotini, akatazama mbele.

Somo likafanywa la hiari. Wenzenu walipokuwa darasani, ninyi mliotolewa mlikaa maktaba na vitabu vya Kiingereza vyenye picha za theluji. Ulikuwa ukirudi nyumbani na furaha, unanieleza habari za watoto wanaotengeneza mtu kwa barafu na kumfunga skafu.

Hilo neno hiari nimelitafuna miaka mingi. Hiari ya nani? Ulikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Hukuulizwa, na hata ungeulizwa ungejibu nini? Mtoto hawezi kukataa wala kutaka kitu ambacho hajakionja. Aliyechagua ni mimi, na ukweli ni kwamba sikuchagua kwa ajili yako. Nilikuwa bado nambishia yule kijana wa barabarani.

Likizo ya Desemba mwaka ule baba yako alitupeleka Magwagwa kwa siku kadhaa. Sijui unakumbuka kiasi gani. Bibi yako alikuwa uani ameanika wimbi, shangazi zako wamekaa kando wakipembua. Unajua jinsi watu wa huko walivyoipanga heshima. Kati ya mzazi na mwanawe, na zaidi kati ya wakwe, kuna haya kubwa wanayoiita chinsoni: kuna maneno hayatamkwi mbele ya fulani, na kuna chumba fulani haingii. Bibi yako hajawahi kupita sebule ya nyumba ya mwanawe yeyote. Lakini kwa wajukuu haya hiyo haipo. Utani wote ambao mtu ameuzuia mbele ya watoto wake, anaumwaga kwa wajukuu.

Basi alikutazama toka unyayoni hadi utosini, mikono kiunoni, akasema jambo refu. Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Shangazi zako walishikana wasidondoke. Ukanigeukia.

"Mama, anasema nini?"

Nami nikamgeukia baba yako.

"Anamtania," akasema, akifuta machozi.

"Lakini anasema nini?" ukauliza tena.

"Anasema wewe ni mke mwenzake. Umekuja kumnyang'anya mume na hivyo vijimiguu."

Utani ukishatafsiriwa huwa kama ugali wa jana. Wewe ulisikia kunyang'anya, ukasikia miguu, ukaanza kulia. Bibi akasema neno lingine, fupi, kisha akangoja, kidevu juu, macho yanacheka. Hata mimi nisiyejua niliona kwamba anakupa zamu yako. Ulitakiwa umrudishie. Binamu yako mmoja, mdogo kuliko wewe, akaona unachelewa, akarukia akamrudishia kwa niaba yako, na watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa umejificha ndani ya buibui langu.

Bibi akaacha. Alikuja polepole, akakupapasa kichwa, akaingia jikoni, akakutolea kiti. Kiti, Rehema. Binamu zako wote walikuwa chini kwenye gunia, mikono imejaa maganda ya wimbi. Wewe uliketi juu ya kiti na yai la kuchemsha mkononi.

Tangu siku ile amekuheshimu. Kila tulipokwenda ulipewa kiti, ukapewa chai ya kwanza, ukaitwa Moraa, jina la mama yake mzazi alilokupa yeye, kwa sauti ya chini. Nami nilijivuna. Nilidhani mama mkwe anampenda mwanangu kuliko wajukuu wengine wote. Miaka ilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nikikitazama. Katika boma lile lote, ulikuwa mjukuu pekee aliyefanyiwa heshima ya mgeni.

Usidhani nimehama upande na sasa nitakuambia lazima ni dawa. Lazima naijua. Kiarabu nililazimishwa na baba. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa na bakora ndefu na subira fupi, na nilikichukia mpaka baba yako alipofariki, ndipo nikagundua kuna maneno ndani yangu ya kunisimamisha. Kiingereza nililazimishwa na shule, na mwalimu aliyetusomea makosa ya wenzetu kwa sauti ili tucheke. Vitabu vya Kiingereza nimesoma vingi, unavijua, vimejaa mpaka chini ya kitanda. Lakini nikitakiwa kuandika mistari mitatu kwenda ofisi yoyote, bado natafuta mtu aikague. Yule mwalimu hajaondoka begani.

Na lugha ya majirani wetu wa kule kwenye chai, ile hakunilazimisha mtu. Niliiokota kwenye mchezo wa kuruka kamba, nikaisema bila kujua kwamba naisema. Leo sina hata sentensi nzima. Haikuwa somo, hakuna aliyeniuliza nimefika wapi, hakuna aliyenipa kitabu chake, na tulipopanda lori ilibaki huko pamoja na wenzangu wa kamba. Wakati mwingine najiuliza ingekuwaje kama siku ile baba angemjibu yule kijana kwa lugha ya mama yake. Sisemi angeturuhusu kubaki. Nasema tu ingembidi atutazame usoni.

Hapa mjini sasa, juu ya duka la viatu, kuna darasa la Kijerumani. Unaliona kila siku. Vijana wa uuguzi wanapanda ngazi zile jioni wakitamka maneno marefu kama treni, na hakuna mzazi aliyeitisha mkutano kupinga. Mwana wa jirani yetu amejua kusema kichwa kinamwuma kwa Kijerumani, lakini mgonjwa wa kwao Nyansiongo akimwambia tumbo linamkata, anamwita mfagiaji aje amtafsirie. Sikilaumu Kijerumani, kitamlisha. Naona tu kwamba hatujawahi kubishana kama lugha ilazimishwe. Kazi inalazimisha, mshahara unalazimisha, nasi tunainama kimya kimya. Lugha ya nyanya ndiyo pekee tunayoisimamia kwa haki za mtoto.

Kwa hiyo sina jibu la kukukunjia uweke mkobani. Kama ningeulizwa leo katika ule ukumbi, ningesema watoto wafundishwe Ekegusii, wote, na iwe lazima kama hesabu ilivyo lazima, kwa kuwa mtoto akishakijua anaweza kukiacha akipenda, na asiyekijua hana cha kuacha. Lakini ningesema pia mambo ambayo mwalimu mkuu wako huenda asipende kuyasikia. Yule mtoto wa mchuuzi wa Kikuyu atachekwa matamshi wiki ya kwanza, na mwalimu akicheka naye, somo limekwisha. Asipewe mtihani wa kumwangusha. Na asikatazwe lugha ya kwao uwanjani, maana huwezi kumfungulia mtu mlango huku unamfungia aliotokea.

Na wazazi wake watakuja wamekunja uso. Utawaona wakaidi. Nakuomba usiwaone hivyo kabla hujaketi nao. Waulize walitoka wapi, na waliondokaje. Nikifikiria siku zile, wasimamizi wa shule walinitumia matangazo, walinipa nakala ya sera, walinialika kwenye vikao. Mwalimu mmoja tu angeingia dukani, akanunua hata leso, akaniuliza, "Mama, kwani unaogopa nini?", sijui kama ningepigana vile.

Kama bado utaona ni vibaya, pinga. Umesoma lugha chuoni, mimi nimesoma chini ya taa ya dukani. Huenda unaona nisichokiona. Lakini uwapinge kwa hoja zako. Usiwaambie mama yangu alishinda, kwa sababu shahidi wako huyo amebadilisha ushahidi.

Kuna jambo moja sijawahi kukueleza vizuri. Siku tuliyomzika baba yako kule kwao, baada ya dua, wanaume wameshatawanyika, bibi yako alikuja akaketi karibu nami kwenye mkeka. Karibu kabisa, bega kwa bega, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Akanishika mkono akaanza kuongea. Aliongea hadi chai niliyopewa ikapoa. Alionyesha kaburi, akaonyesha nyumba, akaonyesha ninyi wawili mliokuwa mmelala kwa uchovu. Mahali fulani alicheka kidogo, kicheko cha kweli. Alipomaliza alinitazama akingoja.

Nikamtazama baba yako mdogo, Momanyi, aliyekuwa amesimama hapo.

"Anasema pole," Momanyi akasema. "Na Mungu akutie nguvu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema asante kwa Ekegusii, kwa lile neno ninalolisema mteja akishalipa. Bibi yako aliona kwamba hayakufika. Alinipigapiga mkono, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso, akainuka.

Baadaye nilimwuliza Momanyi, "Shemeji, mbona alisema mengi?"

"Aa, Mama Hamisi, hiyo ingine ni maneno ya akina mama. Hata mimi naona haya kuisema."

Simlaumu. Ilikuwa haya ya kweli; mwana hawezi kuyatia kinywani mwake maneno ya mama yake ya namna ile. Ndiyo maana mkalimani hatoshi, hata awe mtu mwema namna gani. Kuna maneno ambayo ni lazima yatoke mdomo mmoja yaingie sikio moja. Nimekaa miaka na mkono ule ulioshikwa, bila kujua niliambiwa nini kuhusu mume wangu na mtu aliyemjua kabla ya wote.

Tafadhali usiende kumwuliza kwa niaba yangu. Hilo nitaliuliza mwenyewe. Nimeanza: Bosibori anayeniletea mboga nimemwambia asiniongeleshe Kiswahili tena. Jana nadhani alinitukana. Alicheka sana, nami nikampa salamu ya asubuhi, "bwakire", kwa sauti kubwa, wakati jua lilikuwa linazama. Wapita njia walisimama. Sikujua kwamba katika umri huu mtu anaweza kuchekwa hivyo na asivunjike kitu.

Mwisho ni hili. Baada ya chakula nilitoka nje nikampigia Momanyi simu. Alikuwa kwa bibi yako, wanakupangia pa kulala. Nikamwomba amwambie mama jambo moja.

"Sema, Mama Hamisi."

"Mwambie aache kumheshimu huyu mtoto."

"Mtoto gani?"

"Rehema. Mwambie asimpe kiti. Amweke chini na wenzake, amtanie. Akilia, amwache alie."

Nikamsikia akianza kucheka, kicheko cha ndugu yake kabisa, mpaka nikashika ukuta. Akageuka akamwambia bibi yako. Nikasikia sauti yake kule ndani, ndefu, inapanda na kushuka, na wanawake wakipiga yowe la kicheko nyuma yake.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Shemeji, siwezi." Alikuwa hana pumzi. "Amesema hiyo si yako, ni ya Moraa. Na amesema akifika asipoijibu, halali ndani."

Basi lala, mwanangu. Kesho utaingia ule ua na neno lako litakuwa linakungoja, na hutalielewa. Usiwatazame watu ukitafuta atakayekutafsiria. Usiingie ndani. Chuchumaa kando ya mtoto yeyote aliye karibu, umwulize sikioni hilo linajibiwaje, kisha simama useme, hata ukikosea lote.

Mama yako